Herufi Kubwa za Kibao cha Mama

4 Februari

Kaka yangu,

Habari za huko na za majokofu yako? Sisi huku hatujambo, ukiacha uchovu, ambao siku hizi nauhesabu kama mmoja wa watu wa nyumba hii. Mpwa wako anaota meno. Lile jina la Chiriku alilopewa na bibi yake kwa kutonyamaza limemkaa sawasawa, na sasa meno yamemwongezea maneno. Anauma kila kitu: kidole changu, mguu wa meza, mkanda wa cherehani. Baba yake bado ni wa zamu ya usiku kiwanda cha mikate. Anaingia mimi nikiamka, tunasalimiana mlangoni kama wapangaji. Mimi nashona sare za shule. Kola na mifuko, kola na mifuko.

Mama anakusalimu sana. Yuko hapa kitandani, na ameniambia niandike kwa adabu maana nikimaliza lazima nimsomee kabla sijafunga bahasha. Unamjua. Mtu aliyepanga barua posta maisha yake yote ya kazi hawezi kukubali habari za simu. "Simu inapita sikioni," anasema, "barua inashikwa." Na kwa kuwa simu ya picha wewe mwenyewe uliikataa, kila siku mtandao wa huko mbovu, basi tuandikiane kama watu wa kale.

Sasa lililoniketisha. Kibao cha mama kimekufa. Nasema kile kifaa cha kusomea vitabu ulichomnunulia macho yalipoanza kumtupa. Alisinzia nacho kifuani, kikateleza hadi sakafuni. Kioo kiliingia mistari kama maji yanavyochuruzika dirishani, halafu kikawa cheusi. Nimekipeleka kwa Waya, yule dada fundi simu wa pale kona, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Anasema kioo chake hakipatikani tena, aina ile imeachwa kutengenezwa.

Kaka, bila kibao mama hasomi. Kitabu cha karatasi kwake ni karatasi yenye vumbi jeusi tu. Kile kilimkuzia herufi zikalingana na ukucha wa dole gumba, maneno machache kwa ukurasa, akawa anapanda taratibu kama mtu na ngazi. Na kimekufa akiwa katikati ya kitabu! Ni kile kirefu, cha mjane mwenye nyumba ya wageni, na yule mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja akakaa miaka. Hasemi anasubiri nini. Mama kila asubuhi ni lile lile: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe ameliweka uvunguni na usingizi wake hauna habari." Anataka kujua kama ataondoka.

Anasema niongeze hili, kwa maneno yake mwenyewe: "Nina watu wawili wananisumbua. Mmoja haondoki na mwingine haji."

Fanya uwezalo.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu, Mama Chiriku,

Mama, shikamoo. Najua unasikiliza. Usimkonyeze huyo anayesoma.

Mimi mzima. Wamenitoa kwenye mitambo, sasa niko mlangoni pa ghala la barafu, nafungua na kufunga malori yakija. Msinihurumie, ni kazi nyepesi. Mitambo ina kelele na umri nao umekwenda.

Pole na kibao. Natuma kingine kwa mkono wa dereva wa mizigo anayekuja upande wenu. Si kipya, ila ni kizima na chaji yake inakaa. Ni cha kampuni nyingine, kile cha kwanza huku hawauzi. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo, iangalie isije ikaliwa na mwenye meno. Nimeweka humo vitabu vyote vya mama nilivyokuwa nikimnunulia. Vilikataa kwanza. Kumbe majina yake mwishoni, baada ya nukta, yalikuwa na herufi nyingine. Nikazifuta, nikaandika epub kwenye kila kimoja, maana ndiyo aina kinayoitaka hiki kipya. Jioni mbili hizo, kazi ya uvumilivu. Sasa lazima vikubali.

Kuja nitakuja, mama. Tuone mbele ya safari.

Mpwa wangu mbusu shavuni, mbali na mdomo.

Kaka yako

*

19 Machi

Kaka yangu,

Tunakushukuru. Huku afya si haba. Chiriku amesimama mwenyewe akishika kiti, akaogopa urefu wake, akakaa. Baba yake amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa nina mume wa asubuhi. Mama hajambo, ila analala sana mchana. Anakwambia shikamoo yako ameipokea na kwamba hajawahi kumkonyeza mtu.

Kibao kimefika salama. Tulikiwasha, mama akakishika kwa mikono miwili, akacheka kabla hata sijamwambia kimewaka. Herufi zilikuwa tayari zimewekwa kubwa, kubwa hadi mwisho, hakuna pa kuzikuza tena. Nikamwambia, "Kaka amekutayarishia." Akaacha kucheka. Akauliza, "Zimekuja hivi hivi?" Nikasema ndiyo.

Lakini vitabu, kaka! Hata kimoja hakikufunguka. Kila nikikigusa kinaniambia faili hili halisomeki. Mama akasema pengine kimechoka na safari, tukakipumzisha. Wapi. Nikamfunga Chiriku mgongoni nikaenda kwa Waya.

Akachomeka kadi kwenye kompyuta yake, akakunja uso. "Nani amebadilisha haya majina?"

"Kaka yangu."

"Mwambie kaka yako, mbuzi hata umwite ng'ombe, ukimkamua ni maziwa ya mbuzi."

Watu wote kibandani wakacheka, na mimi nikacheka ingawa nilitaka kukutetea. Kisha akanieleza kwa upole. Kila kampuni inafunga vitabu vyake kwa namna yake, na kifaa cha huyu hakijui kusoma vilivyofungwa na yule. Jina la mwishoni linatangaza tu kilichomo, halikibadilishi. Na hata angevigeuza kwa kompyuta viwe epub ya kweli, juu yake kuna kufuli. Vimeuzwa visomeke kwenye vifaa vya kampuni ile tu. Akasema, "Vitabu ni vyenu, ila ufunguo wanao wao."

Nilipomweleza mama aliniuliza: "Yaani nimenunua nyumba, na mlango umebaki dukani?"

Ndivyo ilivyo, mama.

Barua yako nimemsomea mara mbili. Halafu aliniomba aishike. Aliipitishia dole gumba kwa upande wa nyuma, pale kalamu inapotokeza, taratibu, mstari kwa mstari. Anasema siku hizi unakandamiza. Ameiweka chini ya mto.

Tutafutie hicho kimoja tu, cha mgeni. Vingine vitasubiri.

Mdogo wako

*

10 Aprili

Mdogo wangu,

Shikamoo, mama. Hongera kwa Chiriku, mwambie mjomba wake naye anaogopa urefu.

Huyo Waya nimemkubali. Nilicheka peke yangu mlangoni hadi dereva wa lori akaniuliza kama baridi imenipanda kichwani. Jioni mbili nabatiza mbuzi!

Nimekitafuta kitabu cha mgeni duka lingine la mtandaoni, lisilofunga vitu kwa kufuli. Kimepatikana. Walikuwa nacho kwa aina tofauti tofauti na mimi nimechukua epub. Kadi hii hapa. Nimeandika juu ya bahasha yake ndogo, msije mkaichanganya na ile ya kwanza. Zilikuwa zote mbili mezani kwangu pamoja na takataka nyingine.

Mwandiko wako, Mama Chiriku, umekonda. Nunua kalamu yenye wino, sare hizo zinakushinda hata kalamu?

Mama, safari bado. Kuna mambo nayaweka sawa.

Kaka yako

*

2 Mei

Kaka yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Chiriku ametembea kutoka kwenye cherehani hadi kitandani kwa bibi yake, akamwangukia miguuni, na mama amesema hiyo ndiyo heshima ya kweli. Kalamu nimenunua, ingawa wino wa ile ya zamani haukuwa na kasoro. Mama anasikiliza na ameegemea mito.

Kadi imefika. Juu umeandika epub. Ndani, kaka, ni pdf.

Kimefunguka, usidhani hakikufunguka. Tulipoona jalada mama alipiga makofi. Tatizo ni ukurasa. Waya anasema aina hiyo ni kama picha ya ukurasa. Ulivyopangwa ndivyo ulivyo, maneno hayajui kujipanga upya. Ukikuza herufi, ukurasa wote unakua nao na kumwagika nje ya kioo. Kwa ukubwa ambao mama anauona, inaingia robo ya mstari tu. Akishasoma robo lazima auvute ukurasa kwa kidole, asome nyingine, auvute tena, na kufika mwisho wa mstari anakuwa hajui wa pili uko wapi. Siku nzima amesoma aya moja. Ni sawa na kutazama sebule kwa tundu la ufunguo.

Nilimwambia, "Mama, hebu nikusomee mimi, kwenye simu yangu inaonekana vizuri."

"Umeshona, umepika, umenyonyesha, sasa unataka na kunisomea? Nenda kalale."

"Sikuchoka."

"Umechoka. Na mimi sijafa macho. Kinachonijia kitabuni nataka kinijie mwenyewe, kwa mwendo wangu."

Basi. Unajua akishasema.

Nakuuliza wewe: hukuona ulichobeba? Neno lilikuwa mwishoni mwa jina, herufi tatu tu. Tafadhali tafuta ile yenyewe, na safari hii angalia vizuri.

Mdogo wako

(karatasi ya pili, kwa penseli)

Kaka, hii naandika jikoni na ile kalamu nimeiacha kwa mama asishtuke. Hii sitamsomea. Daktari amesema ni moyo, maji yanajaa mapafuni, na kwamba dawa hizi zinampa nafasi tu, hazimponyi. Mama anajua kwamba ni mgonjwa, kiasi gani hajauliza nami sijamwambia. Mwaka kesho usiuhesabu. Acha kututumia vifaa. Kila bahasha ikiingia na kadi, mama anaipapasa kama anatafuta kama umo humo ndani. Njoo wewe. Kama kuna jambo linalokuzuia, liseme, sisi si watu wa kando. Lakini njoo.

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Shikamoo, mama. Nimefurahi kusikia kuhusu miguu ya Chiriku.

Nisameheni kwa ile pdf. Haraka haina baraka. Safari hii nimemwomba mwenzangu wa hapa mlangoni aiangalie kwa macho yake, naye ameapa kwamba ni epub. Kwa hiyo kama si yenyewe, lawama ni zake.

Ndani ya bahasha yenu nilikuta na karatasi nyingine, ya penseli. Nadhani ni Chiriku amechorachora, au ilifutika njiani. Nimeigeuza juani huku na huku, sikuambulia kitu. Nimeibandika ukutani hivyo hivyo, mchoro wa kwanza wa mpwa wangu.

Mama, soma taratibu. Tuahidiane hivi: ukifika mwisho nitakuja, unisimulie kama yule bwana aliondoka.

Karatasi imeniishia.

Kaka yako

*

12 Julai

Kaka,

Nakuandikia kwa kalamu nene, ile ninayoandikia namba kwenye mafurushi ya sare. Nimeacha karatasi zenye mistari. Ukiona bahasha imenenepa usidhani nina mengi ya kusema, ni herufi tu zimechukua nafasi. Salamu zetu ndizo hizi: mimi mzima, mtoto mzima, baba yake mzima. Mama unajua. Siku ile nilipokupigia na habari ya msiba tulisikilizana tunavyopumua hadi simu ikakatika. Watu mazikoni waliniuliza, "Mwanawe wa kiume yuko wapi?" Nikawaambia yuko njiani. Nilisema hivyo ili wanyamaze.

Sasa nikueleze yale ambayo simu haikuyabeba. Barua hii sikumsomea mtu.

Ile ya mwisho ilipofika, niliisoma kwa sauti kama kawaida, nikafika pale pa mchoro wa Chiriku. Nikafyonza. Sikujizuia. Karatasi niliyoilowesha machozi jikoni, wewe umeibandika ukutani! Mama akasema, "Unamfyonza nani?" Nikajaribu kuruka mstari, akanirudisha. Akaniuliza ya penseli ilikuwa nini. Ikabidi nimwambie yote, pamoja na maneno ya daktari. Hakushtuka. Alisema, "Hayo ya daktari nilikuwa nayo tangu zamani. Hebu nipe karatasi zake zote."

Zilikuwa chini ya mto. Akazipanga juu ya shuka, kwa mpangilio, kama zamani pale posta kwenye meza yake, akazipitishia dole gumba moja moja kwa nyuma.

"Hii ya kwanza bado anafuata mstari," akasema. "Hii ya katikati anapanda. Shika hapa. Unaona? Hii ya mwisho amevuka mstari kabisa, neno limekaa juu ya neno. Mimi nilikuwa hivi mwaka ule nilioanza kuchanganya mafungu, barua za mtaa huu natia kwenye mfuko wa mtaa ule, wenzangu wakadhani nina mawazo."

Nikamuuliza anasema nini.

"Nasema kibao ni chake. Mtu anayeona vizuri haweki herufi za ukubwa ule. Amenipa chake, na yeye amebaki bila."

Kaka, ndipo vyote vilinijia kwa pamoja. Mlango badala ya mitambo. Simu ya picha. Kadi mbili mezani usizoweza kuzitofautisha. Ile pdf niliyokukaripia, herufi tatu tu. Nilikaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa. Mtoto akaja akanipanda magotini, na mama akawa anamwimbia ili mimi nilie vizuri.

Nilitaka kukupigia wakati ule ule. Akanikataza. "Mtu anayeficha, ukimshtua kwa simu atakana, na akishakana itambidi aendelee. Mwandikie. Apate nafasi ya kuikunja na kuikunjua." Nikasema nitaandika kesho. Lakini kwanza alitaka kadi.

Kadi ilikuwa yenyewe. Mwambie mwenzako wa mlangoni lawama hana. Kilifunguka, herufi zikajipanga, kila ukurasa maneno yake machache, makubwa, meusi. Ila kilifungukia mwanzo. Alipokuwa amefika pamebaki kwenye kile kibao kilichokufa, hapakuhamia huku. Nikasema, "Basi tena, mama, uanze upya?" Akasema, "Sina muda wa kuanza upya. Tafuta pale mgeni anapoomba sindano ya kushonea kifungo." Waya alikuja mwenyewe hadi nyumbani, akaandika neno sindano, kikampeleka moja kwa moja. Mama akapapasa kioo kama anavyopapasa shavu la mtoto. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo waliponiacha."

Akasoma. Siku zile zote alisoma kwa macho yake mwenyewe, asubuhi kukiwa na mwanga, akipumua kwa shida, akitulia, akirudi. Mimi nikishona, yeye ananipa habari. Leo mjane amemkaripia. Leo mgeni amekataa chai. Siku ya mwisho aliniita kwa sauti ya zamani, ile ya kutuita tukiwa uani: "Ameshusha sanduku! Wewe! Ameshusha sanduku lake kutoka juu ya kabati!" Nikaacha cherehani nikaja. Akasema, "Kesho nitajua." Akakiweka kibao kifuani, akaniambia nimfungulie dirisha. Niliporudi na maji ya dawa alikuwa ameshakwenda, na kibao kilikuwa kimejizima chenyewe.

Katika siku hizo alinipa maneno yako. Nayaandika kama alivyoyasema, sikupunguza.

"Mwambie aache karatasi zenye mistari, hazimsaidii tena, zinamchanganya tu. Achukue karatasi ngumu aikunje, ailaze chini ya pale anapoandika, ashushe kidogo kidogo, ukingo wake utamshika mkono. Muulize, kunijia alikuwa anaogopa nini? Kwamba nitajua nimempa haya macho? Pua nayo ni yangu, mbona hajawahi kuificha?"

Hapo alicheka, akakohoa, nikamwinua. Halafu akasema, "Mwambie sikukasirika. Nilikuwa namsubiri aseme."

Ni hayo tu. Sasa yangu mimi.

Waya alinifundisha kwamba kitabu kikikataa kufunguka si lazima kiwe kibovu. Kimefungwa kwa namna ambayo cha upande wa pili hakiwezi kukisoma. Ile penseli yangu, kaka, ilikuwa hivyo. Wewe nawe ulikuwa unatuandikia kwa namna ambayo alikuwa anaisoma mama peke yake, kwa kidole. Mama hayupo. Mimi kidole changu hakijui. Kwa hiyo kuanzia leo utaniambia kwa maneno.

Na kibao sikutumii. Najua ni chako na najua unakihitaji. Kadi pia sikutumii. Viko hapa, juu ya rafu, mbali na mwenye meno, na herufi ni zile zile ulizoziweka wewe. Nikikiwasha kinafungukia pale pale, mgeni ameshusha sanduku. Sijageuza ukurasa. Kama aliondoka au hakuondoka, mimi sijui, na sitajua hadi uketi kwenye kile kiti cha kando ya kitanda cha mama unisomee.

Usiniandikie kwamba tuone mbele ya safari.

Mdogo wako

*

3 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma. Mwenyewe, yote, mlangoni, kwenye mwanga.

Nimekunja karatasi ngumu kama alivyosema. Mkono unakaa. Naamini unaona mistari imenyooka.

Ya penseli nimeibandua ukutani, sasa iko mfukoni. Nitakuomba unisomee.

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona katikati ya kitu, pembeni ni ukungu. Mwaka wa pili huu. Haya, nimesema.

Na mimi nimeshusha sanduku. Nitafika kwa basi la Jumamosi. Usinipungie mkono kwa mbali. Niite.

Kaka yako